Ngitili Isiyoonekana kwa Mbali

Juzi mmoja wenu, vijana wa ofisi ya ardhi, alinipigia simu kulalamika kwamba ramani ya wilaya inachelewa kufunguka. Nikamuuliza inachelewa kiasi gani. Akasema, "Mama, unagusa, unasubiri kidogo, ndiyo inakuja." Nilicheka mpaka jirani akachungulia dirishani. Kidogo! Sisi tuliosubiri mpaka chai ikapoa tuseme nini? Basi nimekaa chini, nimeandika. Habari za vyeo hamtazikuta humu, maana nilipanda polepole na hakuna aliyeshtuka. Nitaandika kazi tu, na hasa kazi moja iliyoninyima raha.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi tangu tumboni. Hamkuniita Mama Wasiwasi bure. Nikifunga mlango narudi kuusukuma. Nikichora mto, naota umehama. Watu huniambia ni ugonjwa, lakini kwenye ramani ugonjwa huo una faida zake.

Nimezaliwa Lalago, kwenye pamba na ng'ombe, na nilifika ofisini Bariadi tukiwa bado chini ya Shinyanga, hata neno Mkoa wa Simiyu halijasikika. Nilikuwa mwanafunzi wa uchoraji ramani. Mchoraji mkuu alikuwa Mzee Ng'wandu, mtu mkavu, mrefu, aliyevaa koti jeupe kama daktari na kufoka kama kondakta. Siku ya kwanza nilitegemea anipe kalamu ya wino. Alinipa wembe. Kazi yangu ilikuwa kukwangua wino uliokosewa kwenye ile karatasi ngumu ya plastiki tuliyochorea, bila kuitoboa.

"Ukijua shida ya kufuta, utaogopa kukosea," aliniambia.

Kabla ya saa sita nilikuwa nimeitoboa. Nikakaa nasubiri kufukuzwa. Mzee aliichukua ile karatasi, akaiangalia kwenye mwanga, akaifanya ya kufunikia kikombe chake. Kila alipokunywa chai nilikiona kile kitobo changu, na sidhani kama kuna adhabu nyingine ingenifunza zaidi.

Ndiye aliyenifundisha mistari ya mwinuko, ile ya kahawia inayozunguka vilima. "Mistari hii haikatani," alisema, "wala haikomei njiani. Ukiuona umekomea njiani, ujue mchoraji alikwenda kula." Alinifundisha kuosha nibu kwa maji ya vuguvugu, kutokulalia meza, na kutoandika jina la kijiji kabla ya kumuuliza mtu wa kijiji hicho. Vijana wengi wa sasa mnajua kompyuta kuliko mimi, lakini hili la mwisho naona linawashinda.

Kisha likaja soko huria. Zamani pamba ilikuwa na mnunuzi mmoja, chama cha ushirika, na magari yake yalipita njia zile zile kila msimu. Hakuna aliyehitaji ramani. Mara tu milango ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi walimiminika, na wote walipitia kwetu. Njia gani inapitika kule kata ya Kasoli mvua ikinyesha? Daraja lipi linabeba lori? Tulikuwa tukitoa nakala kwa mashine ya amonia, ile inayokufanya ulie kama umefiwa, na wateja walidhani tunawaonea huruma. Tulidhani soko huria ni la pamba tu. Baada ya wanunuzi wa pamba wakaja watafuta ardhi. Hao hawakuuliza habari za madaraja. Walinyoosha kidole kwenye sehemu nyeupe ya ramani na kuuliza, "Hapa pana nani?"

Miaka ikaenda. Mzee Ng'wandu akastaafu bila kuigusa kompyuta hata kwa bahati mbaya. Kampuni za simu zikasimika minara, intaneti ikafika kwa kujikongoja, na mkuu wetu akaamua ramani zetu ziwekwe huko ili hata mtu wa Dar aione Bariadi bila kupanda basi. Tulizipiga skani ramani za karatasi, kila moja nzima nzima. Siku ya uzinduzi ramani ilianza kushuka kwenye skrini utepe kwa utepe kutoka juu. Mkuu akasubiri. Akaenda kunywa chai. Aliporudi ilikuwa bado haijafika katikati ya wilaya, na mtandao ukakatika hapo hapo. Wageni walipiga makofi kwa heshima tu.

Ndipo akaletwa Emmanuel kutoka Mwanza, mtaalamu wa kompyuta, mnene, mcheshi, mpenzi wa soda. Alitueleza dawa kwa mfano ambao hadi leo sijapata mzuri zaidi. "Mama nyanya sokoni," alisema, "hasubiri mteja aje ndiyo aanze kupanga nyanya. Anapanga mafungu mapema. Ukifika unachukua fungu lako, unaondoka."

Basi tukapanga mafungu. Ramani nzima ilikatwakatwa mapema kuwa vipande vidogo vya mraba, vigae tuliviita, vikahifadhiwa kwenye kompyuta kubwa. Mtu akifungua Kasoli analetewa vigae vya Kasoli tu, si wilaya nzima. Tena vigae vilikatwa kwa ngazi: ngazi ya mbali inayoonyesha wilaya yote kwa vigae vichache, kisha ya karibu, ya karibu zaidi, hadi unaona kisima na shule, na huko vigae ni vingi kama mchele. Ile hazina yote tuliiita akiba. Ramani ikawa inafunguka mara moja. Tulishangilia. Mimi nilishangilia kidogo, kisha nikauliza, "Na tukibadilisha kitu kwenye ramani?"

"Vigae vilivyokatwa havijui," Emmanuel akasema. "Lazima vikatwe upya."

Kuanzia hapo sikulala vizuri. Fungu la nyanya likikaa mno linaoza na unalisikia harufu. Kigae cha zamani hakinuki. Kinakuja haraka, kizuri, safi, na kinadanganya.

Sasa niwaeleze ngitili, kwa ajili ya wale mliotoka mikoa mingine. Msukuma akiona mvua zinaisha hufunga sehemu ya malisho. Hakuna ng'ombe kuingia, hakuna kukata nyasi, hadi kiangazi kikaze na wazee wakae kwenye dagashida, mkutano wao wa mila, waseme imefunguliwa. Hapawekwi uzio. Panawekwa neno. Atakayelivunja anatozwa faini, na aibu juu yake. Kwa hiyo ngitili ikitunzwa vizuri inakuwa na nyasi ndefu, haina nyumba, haina mifugo, haina mtu. Aliyepiga picha kutoka kwenye ndege miaka ile aliona pori. Aliyechora ramani akaacha peupe. Kadiri watu walivyoitunza, ndivyo ilivyoonekana haina mwenyewe.

Upande wa Kasoli kulikuwa na ngitili kubwa ya namna hiyo, na mwenyekiti wa kamati yake aliitwa Nkwabi, mfugaji mfupi mwenye sauti nzito, mbishi kama jiwe la kinu. Nilizunguka mpaka wake pamoja naye, mimi na GPS mkononi, yeye na fimbo, miiba ikinichana sketi. Kila kona alisimama, akataja jina la mti au mlima, akasubiri niandike. Nikaiingiza kwenye ramani kwa rangi ya kijani na jina lake. Vigae vikaanza kukatwa upya, tukianza na vile vya karibu kwa kuwa ndivyo watendaji wa vijiji walivyovitumia. Umeme ukakatika katikati ya kazi, kama kawaida ya mwaka ule. Uliporudi, programu ikaandika kwamba imemaliza. Tuliangalia kwa karibu, ngitili ipo, tukapeana mikono.

Asubuhi moja ya kiangazi Nkwabi akaingia ofisini. Hata kukaa hakukaa, akanisalimia kwa Kisukuma, akiniita mayu, yaani mama.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Mhola?"

"Salama iko wapi? Tumeitwa kwa mtendaji wa kata. Kuna kampuni inataka shamba kubwa, na wamekuja na ramani yenu. Yenu, mayu! Ngitili yetu yote imo ndani ya shamba lao. Wanasema ramani ya serikali inaonyesha pori. Tulizunguka wote mpaka miguu ikavimba. Mbona sisi hatumo?"

Nikamwambia hapana, umo, njoo uone. Nikafungua mbele yake, kijani kile pale, na jina. Nikavimba kichwa.

"Wao waliangalia kwa mbali," Nkwabi akasema. "Rudi nyuma."

Nikarudi nyuma ngazi moja. Ipo. Nyingine. Ipo. Nikarudi ngazi ya tatu, ile inayoonyesha kata nzima kwa pamoja, na ngitili ikatoweka. Peupe. Kama hatujawahi kutia mguu. Ngazi zote za mbali zilikuwa bado na vigae vya zamani, maana siku ile umeme ulikatika kabla hazijafikiwa, na nani anayegawa mashamba makubwa anaangalia kwa karibu? Wakubwa wote huangalia kwa mbali.

"Kamati ya ardhi inakaa lini?" nikauliza.

"Keshokutwa. Wakipitisha, mayu, ng'ombe wetu watakula mchanga."

Alipoondoka nikamwita Emmanuel. Kukata ngazi hizo zote upya kungechukua siku nyingi kuliko tulizokuwa nazo, na umeme ulikuwa wa mgawo. Tukakubaliana tukate vigae vinavyogusa Kasoli peke yake, tuviweke juu ya vile vya zamani kimoja kimoja. Kazi ya kutafuta kipi ni kipi ilinifaa mimi, maana kila kimoja nilikirudia mara tatu. Tatizo likawa joto. Kiwanda cha kuchambua pamba hakikuwa mbali, na nyuzi zake ziliingia dirishani na kuziba feni ya kompyuta mpaka ikazima yenyewe. Emmanuel alipepea kwa boksi la soda, mimi nikachokonoa nyuzi kwa unyoya wa kuku. Umeme ukaenda. Ukarudi. Ukaenda tena.

"Mama, usilie, utailowesha," Emmanuel akasema.

"Silii. Naomba."

Mchana wa siku ya pili kigae cha mwisho kikaingia. Tukafungua kwa mbali: kijani. Kwa mbali zaidi: kijani, kidogo kama kucha, lakini kipo. Nilimkumbatia Emmanuel na soda yake ikamwagika.

Kesho yake kamati ilikaa ukumbini. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja wa makamo, mkulima wa pamba, asiyependa maneno mengi. Mwakilishi wa kampuni alikuwa bwana mpole, amevaa vizuri, amejiandaa. Wakawasha projekta, ramani ikatokea ukutani. Kasoli ilikuwa peupe.

Vijana, hili lishikeni. Kompyuta ya anayeangalia nayo huweka akiba yake. Ile ya ukumbini ilikuwa imefungua ramani hiyo hiyo wiki iliyopita, ikabaki na vigae vya wakati ule, na sasa ilikuwa ikionyesha vya kwake bila hata kutuuliza sisi. Nikanyoosha mkono. Nikaenda mbele, nikabonyeza vile vitufe viwili vya kuilazimisha ilete upya. Ukutani, mbele ya macho ya wote, peupe pakageuka kijani na jina la ngitili likatokea.

Watu wakageuka kuniangalia.

"Samahani, mwenyekiti," yule bwana akasema taratibu. "Nadhani wote tumeona. Palikuwa peupe. Mama amebonyeza, pamekuwa na ngitili. Kwetu haya tunayaita kiini macho."

Nikajieleza. Nikaeleza vigae, nikaeleza akiba, nikaeleza nyanya za sokoni. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwizi. Nikasema vipimo vya GPS vipo. Akauliza nani aliviingiza. Nikasema mimi. Watu wakaguna. Nilijua kabisa kwamba siyo mimi niliyekuwa hatarini. Mimi ningepewa barua tu. Nkwabi na watu wake wangepokonywa ardhi.

Mwenyekiti akagonga meza. "Ramani mbili, eneo moja. Kesho tutakwenda tukaone kwa macho yetu. Tukikuta pori, ni pori."

Nilipiga simu Kasoli kabla hata ya kutoka nje. Nilimwambia Nkwabi aingize ng'ombe ngitilini, wote, asubuhi na mapema, ili kamati ikute mifugo inakula na ione kwamba pana wenyewe.

"Haijafunguliwa," akasema.

"Najua haijafunguliwa! Kwa siku moja tu, baba. Ukifungua ukafunga, nani atakulaumu?"

"Mayu, wewe ni mtoto wa Lalago. Nikiingiza kesho, keshokutwa kila mtu ataingiza. Hapo kampuni itakuwa imesema kweli, litakuwa pori."

"Watakuta nyasi tupu! Watasema hapana mtu!"

"Dagashida haijakaa," akasema, na simu ikakatika. Sijui ni mtandao au ni yeye. Nilikasirika, naomba mniamini. Nilimtukana kwa Kisukuma nikiwa peke yangu kwenye korido.

Asubuhi tukaenda, kamati, yule bwana wa kampuni, Emmanuel na mimi, gari mbili. Ilikuwa kama nilivyoogopa. Nyasi zimesimama hadi kifuani, za rangi ya dhahabu, upepo unazilaza, hakuna kibanda, hakuna mnyama, hakuna mtu. Yule bwana alitabasamu tu na kufungua mikono, kama kusema, jionee. Mwenyekiti akaniangalia. Nikaangalia chini.

"Wako wapi hao wenyewe?" akauliza.

Tukafuata njia ya gari iliyopita pembeni ya zile nyasi, na baada ya mbuga ndogo tukawakuta. Upande wa pili wa njia ardhi ilikuwa tupu, imelambwa, vumbi na visiki. Hapo walisimama ng'ombe wa kijiji kizima, mbavu nje, wameelekeza vichwa kwenye nyasi. Kati yao na nyasi palikuwa na njia ya gari tu. Hakukuwa na waya wala miiba. Wachungaji waliegemea fimbo zao. Ng'ombe mmoja akajaribu kuvuka, mchungaji akapiga mluzi, akarudi mwenyewe.

Nkwabi alikuwa amechuchumaa kando, karibu na ng'ombe jike mwekundu aliyelala chini. Ng'ombe huyo alikuwa ameishiwa nguvu, shingo ameinyoosha barabarani, pua ikielekea majani. Nkwabi alikuwa akimnywesha maji kwa kibuyu. Aliinuka, akatusalimia wote, mmoja mmoja.

"Huyu ni wa nani?" mwenyekiti akauliza.

"Wangu."

Yule bwana wa kampuni alikuwa ameshasogea. Nadhani alikuwa na moyo mzuri, maana alisahau alichokuja kufanya. "Mzee, huyu anakufa," akasema. "Kata hata konzi moja ya nyasi, si hizi hapa? Mbona humpi?"

"Haijafunguliwa."

"Lakini anakufa!"

"Naona," Nkwabi akasema. "Mgonjwa wangu akila leo, kesho kila mtu atakuwa na mgonjwa. Na mimi ndiye mwenyekiti wa ngitili."

Yule bwana aliangalia nyasi, akaangalia ng'ombe, akaangalia ile njia nyembamba iliyokuwa katikati. Kisha akaiondoa miwani yake na kuanza kuifuta, akaifuta muda mrefu.

Mwenyekiti wa kamati hakuuliza swali jingine. Alimgeukia katibu akasema aandike kwamba eneo lina wenyewe na liondolewe kwenye shamba, kisha akaniambia, bila kuniangalia, nihakikishe linaonekana hata kwa mtu aliye mbali. Nikasema sawa, mama. Yule bwana hakupinga. Aliomba tu, kwa sauti ya chini, kama wazee wangeweza kukaa mapema.

Dagashida ilikaa kwa siku yake, baada ya wiki moja, na Nkwabi akanialika. Walipopiga yowe la kufungua, ng'ombe wakavuka njia wote kwa pamoja, wakazama kwenye nyasi mpaka zikabaki pembe peke yake. Watu wakashangilia, wakanishukuru, wabeja, mayu, wabeja sana. Nilimtafuta Nkwabi nimpe mkono. Nilimkuta ng'ambo ya njia, mahali pale pale, akikunja ngozi nyekundu.